Apatimenti za Dodoma: Umepanga, au Unamtunzia Mwenye Nyumba Nafasi Mpaka Bunge Lianze?



Nimeadimika kidogo na wengine mmeshaanza kuulizia kama nimepata kazi serikalini, teh teh teh. Hakuna kazi wala nini. Nilikuwa nahangaika na ishu ya nyumba, na kwa kuwa naona hii ishu sio yangu peke yangu hapa mjini, leo naimwaga hapa yote, na hesabu zake. Wewe uliyelipia nusu saa ya kafe, soma taratibu tu, hii inamalizika kabla dakika zako hazijakatika.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa kumi mwaka jana mimi na washkaji wawili tulichanga tukapanga apatimenti ya vyumba viwili maeneo ya Ilazo, ghorofa ya tatu. Kodi laki tatu kwa mwezi, mwenye nyumba akataka miezi sita kwa mpigo, yaani 1,800,000. Dalali naye akachukua chake, kodi ya mwezi mmoja, laki tatu nyingine, kwa kazi ya kutuonyesha mlango. Kila mmoja wetu akatoka na 700,000. Kwa mtu kama mimi niliyeishia kidato cha nne, ninayeishi kwa kuandika na kuchapa kazi za watu, hiyo ni hela ya kujinyima karibu mwaka mzima.

Sasa wiki mbili zilizopita mzee katupigia. Kaongea kwa upole kabisa, "Vijana wangu, nyie ni watoto wazuri, hamna kelele, lakini mkataba ukiisha tarehe 31 mwezi wa tatu sitaendelea." Nikamuuliza, "Mzee, tumekosea wapi?" Akasema hatujakosea popote, ila kuanzia mwezi wa nne nyumba anaibadilisha, anaweka vitanda vizuri na mapazia, anapangisha kwa usiku. Bunge la bajeti linaanza!

Wadau, nilikaa nikapiga hesabu. Jirani wa chini yetu mwenye nyumba kama ile ile alishabadilisha tangu mwaka juzi, na alituambia anachukua 60,000 kwa usiku. Zidisha mara siku 30, unapata 1,800,000. Yaani kile tulichojinyima watu watatu kukilipa kwa miezi sita, mzee anaweza kukipata kwa mwezi mmoja kama nyumba itajaa. Hata isipojaa, hata ikilala tupu nusu ya mwezi, bado anapata mara tatu yetu. Sasa mimi ningekuwa ni yeye ningefanyaje? Swali gumu hilo, na sitajifanya malaika.

Kwa wasiojua mji wetu ni kwamba Bunge la bajeti huanza mwanzoni mwa Aprili na kwenda mpaka mwisho wa Juni. Miezi hiyo mitatu Dodoma inavimba. Wabunge wanakuja, na nyuma yao madereva, wasaidizi, watu wa wizara, waandishi, wafanyabiashara wenye shida zao na wizara, kila aina ya mtu. Zamani hao wote walikuwa wanaishia gesti za Area A, Area C na kule mjini. Siku hizi wanataka apatimenti, wapike wenyewe, wawe na sebule ya kukutana na wageni. Na tangu treni ya SGR ianze safari za Dar mpaka Dodoma mwaka 2024, kuna watu wanakuja Jumatatu na kuondoka Ijumaa, familia imebaki Dar. Mtu wa hivyo hahitaji kupanga mwaka. Anahitaji siku nne nne. Na mwenye nyumba anajua.

Tuirudishe nyuma kidogo ili tuelewe tulifikaje hapa. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yawe Dodoma. Mwaka huo huo ikaundwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mwaka 1976 ukatoka mpango wa mji uliotengenezwa na kampuni ya Canada, na ukiusoma leo utacheka kidogo: haukutaka maghorofa marefu, ulitaka mji wa mitaa ya watu kutembea kwa miguu na kupanda basi, majirani wakijuana, kiujamaa ujamaa. Halafu miaka ikapita... na kupita. Wazee wetu hapa walizaa, wakalea, wakapata wajukuu huku serikali bado iko Dar. CDA ikabaki ndio yenye ardhi, na mtu akipewa kiwanja alipewa kwa miaka 33 tu, wakati sehemu nyingine za nchi mtu anapata 99. Nani angejenga ghorofa la maana kwa miaka 33?

Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza mwaka 2007 ndipo mji ulipoanza kuchangamka, vyumba vya wanafunzi vikaota kule Ng'hong'hona kama uyoga. Lakini kishindo chenyewe kilikuja Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kweli kweli, na mwisho wa Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Majaliwa akawa amehamia. Mei 2017 CDA ikavunjwa na kazi zake zikaenda halmashauri. Tarehe 26 Aprili 2018 tukatangazwa jiji. Oktoba 2019 Rais mwenyewe akahamia Chamwino.

Angalia namba za sensa uone. Mwaka 2012 manispaa ya Dodoma ilikuwa na watu 410,956. Mwaka 2022 jiji lilikuwa na watu 765,179. Wameongezeka watu zaidi ya 354,000 ndani ya miaka kumi. Hao wote walihitaji mahali pa kulala usiku ule ule walioshuka kwenye basi. Nyumba haijengwi kwa usiku mmoja, kwa hiyo kilichopanda haraka ni kodi.

Mimi kabla ya Ilazo nilikaa Nkuhungu miaka mitatu. Chumba kimoja, 35,000 kwa mwezi, choo cha nje, bomba moja uani, vyumba sita kwenye uzio mmoja. Naomba niseme ukweli kuhusu maisha yale maana naona watu wengi wakishahamia ghorofani wanaanza kuongea kuhusu uswahilini kama wametoka jela.

Kwanza tabu zake. Umeme. LUKU ilikuwa moja kwa vyumba vyote sita, na sijawahi kuona kitu kinachovunja udugu kama LUKU ya kuchanga. Kila mtu alikuwa anatoa 5,000, halafu siku ya tisa umeme unakata. Nani kapiga pasi? Nani kachemsha maji kwa hita? Kuna mdada alikuwa anafua na kunyoosha nguo za watu, na kuna jamaa alikuwa na subwufa, wakawa hawasalimiani kabisa. Lakini wengi hawajui kwamba tatizo lile halikuwa tabia za watu tu. Liko kwenye bei yenyewe ya TANESCO. Kwa bei za EWURA za mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya VAT na tozo. Mtumiaji wa kawaida analipa 292. Ukijumlisha VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, unapata kama 122 kwa yule mdogo na 356 kwa huyu mwingine. Sasa vyumba sita vikitumia mita moja, ukijumlisha na hizo pasi, hita na subwufa, ni rahisi kuvuka 75 na kuondoka kwenye bei ya watu wadogo. Maana yake masikini sita kwenye mita moja wanalipa uniti karibu mara tatu ya bei ambayo kila mmoja angelipa akiwa na mita yake! Hii niliigundua nikiwa nimeshahama. Iliniuma sana, hasa nikikumbuka yule mdada na pasi yake.

Joto nalo. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja kabla mvua hazijaanza, chumba cha bati bila dari hapa Dodoma ni tanuri la mikate. Nilikuwa nalala mlango wazi.

Lakini sasa sikia upande wa pili. Kuna siku nikiwa Nkuhungu nilishikwa na malaria usiku. Asubuhi saa mbili mama mwenye nyumba akagonga, "Mjukuu, mbona mlango haujafunguliwa, umzima?" Yaani yule bibi alikuwa anajua saa yangu ya kufungua mlango. Akaniletea uji wa uwele, akamtuma kijana wake akachukue bodaboda kunipeleka zahanati. Mwezi uliofuata nikachelewa kodi wiki mbili, hakusema neno. Mlenda na ugali nilikula pale bila hesabu.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka jana, huku Ilazo, homa ikanishika tena, washkaji wote wawili wakiwa wameenda kwao sikukuu. Siku mbili nzima, wadau, hakuna aliyegonga. Hakuna aliyejua kama nipo. Nilimsikia jirani wa mlango wa pili akiongea na simu, sauti iko karibu kabisa, na sikujua hata jina lake nimuite. Na wala simlaumu, hata mimi siku aliyohamia sikwenda kumsalimia. Ghorofa lina watu wengi kuliko uzio wa Nkuhungu lakini pale kila mlango ni nchi yake.

Msije mkadhani naichukia apatimenti. Naipenda! Nikianza kuisifia mnaweza kusema nimelipwa na dalali. Mita yetu wenyewe. Choo ndani, usiku wa Juni huo upepo wa baridi wa Dodoma unavyopiga huhitaji kuvaa koti kwenda chooni. Geti, mlinzi, unaacha kompyuta mezani unaenda sokoni. Kimya cha kuandika. Meza yangu iko dirishani, na jioni naona vilima vinavyouzunguka mji na taa zinavyowaka mpaka kule Kisasa. Na faragha, jamani. Nkuhungu nikileta mgeni uzio mzima unajua kala nini.

Tena mmoja wa washkaji zangu, Mrangi wa Kondoa, alinunua friji ya mtumba tulipohamia tu. Anagandisha barafu za ubuyu na juisi ya zabibu, anawauzia watoto wa shule na mafundi wanaojenga jirani. Hiyo friji ndiyo inayolipa theluthi yake ya kodi. Biashara ile isingewezekana kwenye LUKU ya kuchanga, angefukuzwa siku ya tatu. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema vijana wanakimbilia apatimenti kwa ajili ya kuringa nacheka. Kwa yule mwenzetu mita yake ndiyo mtaji wake.

Tatizo ni kwamba kuna bei nyingine ambazo dalali hakutajii. Juu ya kodi tunalipa 30,000 kila mwezi ya huduma: mlinzi, taka, taa za ngazi, pampu ya maji. Hiyo pampu ndiyo mfalme wa jengo lile. Dodoma maji yetu mengi yanatoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na DUWASA inatoa kwa mgao, mtaa wako una siku zake. Mvua yenyewe hapa kwetu haifiki milimita 600 kwa mwaka na karibu yote inamwagika kati ya Desemba na Aprili. Sasa maji yakija yanajaza tanki la chini, na kupanda ghorofa ya tatu yanahitaji pampu, na pampu inahitaji umeme, na umeme wa pampu uko kwenye LUKU ya jengo ambayo inaisha kama LUKU nyingine yoyote. Imeshatokea mara nne msimamizi hapatikani kwenye simu, tanki la chini limejaa pomoni, na sisi tunapandisha ndoo kwa ngazi. Yaani tumetoka bombani uani tukapanda juu na ndoo zetu. Mtungi wa gesi ni hivyo hivyo, unaubeba begani, maana mkaa kwenye kibaraza umepigwa marufuku na mwenye jengo.

Na kuna lile la kodi ya majengo kwenye LUKU. Lilianza Agosti 2021, nyumba ya kawaida ikawa inakatwa 1,000 kwa mwezi na ghorofa 5,000 kwa kila sakafu. Julai 2023 ikapanda, 1,500 na 7,500. Hii ni kodi ya mwenye mali. Lakini anayenunua umeme ni nani? Ni mpangaji. Serikali ilipoianzisha ilisema mpangaji na mwenye nyumba waelewane wenyewe, mpangaji akate kwenye kodi yake. Haya niambie, wewe umewahi kumwendea mwenye nyumba na risiti za LUKU ukamwambia mzee naomba unirudishie? Sisi tulijaribu. Akacheka tu, "Kijana wangu, si unakaa humo wewe?" Ukweli ni kwamba kuelewana kunahitaji pande mbili zenye nguvu zinazokaribiana, na mtu ambaye ana hela yako ya miezi sita mfukoni hana haraka ya kuelewana na wewe.

Ndio nikaja kwenye hilo la miezi sita, ambalo kwangu ndio mzizi wa yote.

Nairobi, binamu yangu anakaa Kasarani, analipa kila mwezi. Aliweka amana ya mwezi mmoja alipoingia, halafu kila mwanzo wa mwezi anatuma hela kwa simu basi. Sisemi Nairobi ni peponi, kodi zao zinatisha. Lakini mtu anayepata kipato cha mwezi analipa kwa mwezi, na asiporidhika anafunga virago bila kuacha laki tano nyuma. Kwa nini sisi hapa tunadaiwa miezi sita au mwaka?

Watu husema ni tamaa. Mimi nadhani tamaa ipo lakini sio jibu lote. Angalia jinsi nyumba inavyojengwa hapa. Mikopo ya nyumba ya benki Tanzania yote kwa pamoja haifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa. Watu hawajengi kwa mkopo, wanajenga tofali kwa tofali. Mzee wetu alistaafu, akajenga sakafu ya kwanza, akapangisha. Kodi ya sakafu ya kwanza ikajenga ya pili. Sisi tulipolipa 1,800,000 mwezi wa kumi, mwezi wa kumi na moja tukaona nondo zinapandishwa juu ya vichwa vyetu. Tuliishi na vumbi la saruji na kelele za mafundi, na ile saruji ni hela yetu! Kwa hiyo kodi ya miezi sita ni mkopo. Mpangaji anamkopesha mwenye nyumba, bila riba, bila dhamana. Benki ingemtoza mzee riba. Mimi muuza maandishi na mwenzangu muuza barafu tumemkopesha bure, na mkopo ulipokamilisha jengo, tumeambiwa tutoke.

Ukishaiona hivyo unaelewa pia nani anaachwa nje. Dereva wa bodaboda anaweza kuwa anapata hela nzuri tu kwa mwezi, lakini anaipata elfu kumi kumi kila siku. Kuikusanya mpaka milioni ni kazi nyingine kabisa. Mtumishi anakwenda benki na karatasi ya mshahara anakopa kodi ya mwaka. Mwenye bodaboda anacheza mchezo na wenzake, au anaingia kikoba, au anabaki kwenye chumba chenye LUKU ya kuchanga analipa uniti mara tatu. Yaani asiye na hela ya mkupuo analipia umeme ghali zaidi ya mwenye nayo.

Je, sheria? Nilikuwa nafikiri kuna sheria ya kutulinda wapangaji. Ilikuwepo kweli. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, iliweka mpaka mabaraza ya kupanga kodi halali na mwenye nyumba hakuweza kukutoa hivi hivi. Ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo tunaongozwa na Sheria ya Ardhi ya 1999 na kile mlichoandika kwenye mkataba wenu. Kama mnaenda mwezi kwa mwezi bila tarehe ya mwisho, taarifa ya kuondoka isipungue mwezi mmoja. Kama mkataba una tarehe ya mwisho kama wetu, tarehe ikifika umeisha, mzee hana kosa lolote. Tena katupigia mapema, wengine huambiwa siku tatu kabla. Asichoweza ni kukutolea godoro nje kwa nguvu au kubadili kitasa ukiwa bado ndani ya muda wako. Hapo unaweza kwenda Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, sio kuhukumu. Wakishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30! Ukiwa na godoro barabarani hizo siku unalala wapi?

Kuna wanaosema turudishe sheria ya 1984. Mimi hapo nasita, na najua nitarushiwa mawe. Kodi ikibanwa kwa nguvu kwenye mji unaokimbia hivi, mwenye nyumba ataacha kupangisha kabisa na kuweka wageni wa usiku, ambao hakuna wa kuwahesabu. Mzee wetu angekuwa wa kwanza. Ninachokitaka mimi ni kidogo zaidi: kiwekwe kikomo cha malipo ya mbele, miezi mitatu basi, na kila chumba kinachopangishwa kiwe na mita yake ndogo. Habari za serikali kuleta chombo cha kusimamia madalali na upangishaji tumezisikia Wizara ya Ardhi kwa miaka mingi sana.

Na mashirika ya umma je? NHC wamejenga Iyumbu na Chamwino, TBA wana nyumba zao, Watumishi Housing wako Njedengwa. Majengo mazuri, nimeyapita. Lakini TBA wamejengea hasa watumishi wa umma, na Watumishi Housing hata jina linakuambia. Nyumba za NHC nyingi hapa zilijengwa ziuzwe. Dar kule Magomeni Kota, familia 644 zilizobomolewa nyumba zao zilirudishwa kwenye maghorofa mapya mwaka 2022, kwa hiyo sio kwamba nchi haiwezi kumjengea ghorofa mtu wa kawaida. Inaweza. Ila Dodoma ghorofa la umma la muuza barafu sijaliona.

Niwe mkweli pia kwa upande wa wenye nyumba maana wapo wanaosoma hapa. Wapangaji tunaua nyumba. Kwenye jengo letu kuna waliohama usiku wakaacha bili ya maji ya miezi minne, wakang'oa na koki. Mwenye nyumba aliyeumwa na nyoka wa hivyo ataogopa hata jani. Na kwenye apatimenti kuna jambo jingine: tangu mwaka 2008 kuna sheria ya umiliki wa sehemu za jengo, ambayo inamruhusu mtu kumiliki apatimenti moja ndani ya jengo na wamiliki kuwa na chama chao cha kuamua mambo ya ngazi, maji, ulinzi. Nzuri. Lakini chama ni cha wamiliki. Anayebeba ndoo ngazi tatu hana kiti kwenye kikao kinachoamua pampu ipigwe saa ngapi.

Basi hapo ndipo tulipo. Siku zimebaki chache, mimi nataka turudi Nkuhungu, mshkaji wa tatu ambaye ni wa Mpwapwa anasema bora kila mtu ashike njia yake. Juzi tuliona apatimenti nyingine Miyuji, laki mbili na nusu, nzuri kweli, dirisha linatazama mlima. Nikamuuliza dalali kama mwenye nyumba atakubali kuandika kwenye mkataba kwamba hatatutoa msimu wa Bunge, na kwamba kodi ya majengo kwenye LUKU tutaikata kwenye kodi. Akaniangalia kama nimeomba kuoa binti wa mwenye nyumba. Akasema atanipigia. Hajapiga.

Jumamosi tunakwenda Mkonze kuangalia chumba na sebule, 70,000 kwa mwezi. Nimeongea na mama mwenye nyumba kwa simu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akasema anapokea hata kodi ya miezi mitatu, maji yapo, majirani watu wa dini. Nikafurahi. Mwishoni nikamuuliza kuhusu umeme. Akasema LUKU ni moja tunachanga watano, kila mtu elfu nne, ila kitu kimoja tu, mwanangu, friji hapana.

Mrangi wangu bado sijamwambia.

Nawasilisha. Wewe unayesoma hii, mwenye nyumba wako anachukua miezi mingapi, na mtaa gani? Andika hapo chini, na kama una chumba chenye mita yake, usimpe dalali kwanza, niambie mimi.